Mwanangu anakula vitu vitano tu, na mjomba wake anataka kumpeleka jandoni

Shikamoo mama mshauri.

Naandika kutoka Newala. Naomba jina langu lisitoke, maana ndugu zangu huku hawapitwi na kitu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Shida yangu ni huyu wa kwanza, wa kiume, ana miaka 11, yuko darasa la tano.

Mwanangu hali. Si kwamba hali kabisa. Anakula vitu vitano: chapati, mihogo ya kukaanga ikiwa mikavu, biskuti, chai ya rangi, na wali mweupe ambao haujaguswa na mchuzi. Mchuzi ukidondoka tone moja pembeni, sahani nzima imeshaharibika kwake, hata nikiutoa huo wali wenye tone. Mboga hagusi. Matunda hagusi, hata embe, na msimu ukifika huku embe zinaozea chini. Samaki ndiyo usiseme.

Yote yalianza alipokuwa na miaka minane. Tulikuwa kwa shemeji yangu Mikindani, tukala changu wa kuchoma, mwiba ukamkwama kooni. Alikohoa mpaka macho yakamwiva, akatema mate yenye damu. Tukampa tonge la ugali mkavu alimeze zima, ule mwiba ukashuka, jioni tukawa tunacheka. Kumbe yeye hakucheka. Tangu siku ile samaki akaacha, dagaa akaacha, nyama ikafuata, kisha maharage, eti yana maganda.

Anavyokula ni hivi. Anaimega chapati vipande vidogo kama ukucha. Anakiinua kimoja, anakitazama kwenye mwanga wa mlango, anakigeuza. Ndipo anakitia mdomoni. Anatafuna mpaka mimi ninayemtazama nachoka taya, anameza kwa maji, anajigusa koo. Halafu kingine. Chapati mbili ni saa nzima. Wadogo zake wameshakula, wameosha vyombo, wamelala.

Baba yake anaendesha Fuso, anaweza kukaa wiki mbili hajarudi. Akirudi anasema nimemdekeza. Labda. Tangu mdogo alikuwa mchaguzi. Alipokuwa na miaka mitatu mlenda anatema, bamia anatema, uji ukiwa na bonge moja analia kama kachomwa. Mama yangu alikuwa akisema huyu kazaliwa na mdomo wa kizungu.

Nimejaribu kila kitu. Nimemchapa, Mungu anisamehe. Nimemwahidi baiskeli. Mganga alisema ametiwa jicho kwenye chakula, akatoa dawa ya kunywa, mtoto hakuimeza. Shehe amemsomea. Zahanati walimpa dawa ya minyoo na chupa ya vitamini, wakaniambia akisikia njaa atakula mwenyewe. Mwaka jana kaka yangu mkubwa alikuja akamshika mikono, mama akamtia tonge la ugali na kisamvu mdomoni. Alitapika mpaka nyongo. Kabla ya siku ile ugali mtupu alikuwa anakula. Baada ya siku ile na ugali nao ukatoka.

Juzi nafua kaptula ya shule nakuta sisimizi mfukoni. Makande ya shule. Anayachota anayatia mfukoni ili mwalimu aone sahani tupu. Na Ramadhani iliyopita ndiyo niliona mwanangu ana raha kuliko miezi yote. Alifunga, akawa anacheka, anacheza. Ikikaribia futari ananyong'onyea, maana tunakula sinia moja.

Nilimpima kwenye mzani wa korosho wa chama cha msingi, kijana wa pale ni jirani yetu. Kilo 24. Mwaka jana mzani uleule ulisema 25. Anachoka haraka, na akipiga mswaki fizi zinatoka damu.

Sasa mama, jambo lililonifanya niandike. Kaka yangu, mjomba wake, amesema mwezi wa sita shule zikifungwa kijana anaingia jandoni na wenzake. Tohara atafanya mtaalamu wa zahanati, lakini watakaa kumbini wiki tatu. Kaka anasema, "Kule hakuna chapati. Akitoka kule atakula mpaka mawe." Kwetu mjomba akishasema, mama mtu hana la kuongeza. Baba yake anamuunga mkono. Mimi naogopa atanifia huko, na mwanamke haruhusiwi hata kuchungulia. Nimefikiria kumpeleka kwa mdogo wangu Masasi mpaka Juni ipite, nidanganye anaumwa.

Lakini mtoto mwenyewe anataka kwenda. Wenzake wote wanaenda. Usiku mmoja nadhani kalala, kumbe yuko macho, akaniuliza, "Mama, kule wanakula pamoja?" Sikumjibu, nilijifanya nimesinzia.

Mimi mwenyewe siku hizi mawazo yamenizidi, natafuna pemba, ule udongo wa kula, asubuhi mpaka jioni, kipande kikiisha natuma mtoto sokoni, lakini hilo lisikushughulishe. Nisaidie kwa huyu kijana. Nimpeleke au nimfiche?

Mama wa Newala

—

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mtoto, mara ya pili nikamwona mjomba, mara ya tatu ndipo nikauona ule mstari wa mwisho wa pemba. Umesema usinishughulishe. Umenishughulisha, na nitaufikia.

Unaniuliza umpeleke au umfiche. Ila nikikusikiliza vizuri, chini ya swali hilo kuna jingine ambalo watu wa nyumba yako wameshalijibu kila mmoja kivyake: huyu mtoto ni mkaidi, ni mgonjwa, amerogwa, au ni wewe uliyemharibu? Tuanzie hapo, maana hata la jando linategemea hilo.

Umeandika kwamba yote yalianza na mwiba wa changu. Nakuomba urudi kwenye barua yako mwenyewe. Mbele kidogo unamweleza mtoto wa miaka mitatu anayetema mlenda na kulia kwa bonge moja la uji. Huyo alikuwa bado hajaujua mwiba. Mimi naona mambo mawili yamekutana ndani ya mtoto mmoja. La kwanza amezaliwa nalo: kinywa chake kinasikia zaidi ya vinywa vyetu. Utelezi, maganda, harufu, vitu viwili vilivyochanganyika, kwetu ni chakula, kwake ni kelele. La pili lilimkuta Mikindani: alikabwa, akaona kifo, na tangu hapo koo lake limekuwa mlango wenye mlinzi. Kile kipande anachokitazama kwenye mwanga wa mlango, anatafuta mwiba. Kwenye chapati! Wewe unajua haumo. Yeye akilini anajua haumo pia, ila koo haliambiliki.

Hali ya namna hii madaktari wa akili wameipa nafasi yake juzi juzi tu. Wamarekani waliiingiza kwenye kitabu chao cha kutambua magonjwa mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani linayo kwenye orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022. Jina la Kiswahili lililozoeleka bado. Wataalamu huliandika kwa herufi ARFID, na nakuomba uziandike kwenye karatasi, kwa sababu hata mhudumu wa afya mzuri anaweza kuwa hajawahi kuzisikia. Ni kukwepa chakula kwa njia moja kati ya tatu, au zikichanganyika: hisia za kinywa, woga wa kukabwa au kutapika, au kutokuwa na hamu ya kula kabisa. Si sawa na yule binti anayejinyima ili awe mwembamba. Kijana wako hauchukii mwili wake, wala hajafikiria unene maishani mwake. Si umaskini, maana chakula kipo. Na si uchaguzi wa kawaida wa watoto, ambao wengi huuacha wakikua. Orodha ya mtoto mchaguzi hurefuka polepole. Ya kwako imefupika kila mwaka, uzito umeshuka, na sasa inamtenga na wenzake.

Je, nina hakika ndicho alichonacho? Hapana. Mimi nimesoma barua, sijamgusa tumbo wala kumulika koo. Yako magonjwa ya njia ya chakula yanayomfanya mtu ahisi tonge limekwama kwa sababu kweli linakwama, na hayo lazima yatazamwe kwanza. Kwa hiyo nikuulize: chai inapita vizuri? Analalamika maumivu kifuani akimeza? Chakula humrudi baada ya kula? Majibu hayo uende nayo hospitali.

Sasa lile la "akisikia njaa atakula". Kwa watoto wengi ni kweli, ndiyo maana waliokuambia walikuambia kwa nia njema. Kwa mtoto mwenye woga wa aina hii halifanyi kazi, kwa sababu hofu huizima njaa. Umewahi kupata habari ya msiba ukiwa katikati ya kula? Tonge lilipita? Yeye msiba wake uko kwenye sahani kila mchana. Ramadhani alikuwa na raha kwa sababu kwa mwezi mzima hakuna aliyemwambia "kula" mchana kutwa. Watu wote walikuwa kama yeye. Hiyo ndiyo sehemu ya barua yako iliyonikaa zaidi. Inaniambia kwamba anachokikimbia ni chakula na macho ya watu, vyote viwili. (Na kwa uzito huo, habari ya kufunga nayo umuulize daktari kabla ya Ramadhani nyingine.)

Kuhusu kumlazimisha sitakusema, umeshajisema vya kutosha. Ila tazama ushahidi uliouandika mwenyewe. Ugali ulikuwa kwenye orodha. Akashikwa mikono, akatiwa tonge, akatapika. Ugali ukatoka. Kaka yako alikuja kuongeza chakula akapunguza, na hakuwa na ubaya. Mambo hayo ndiyo ya kumweleza kaka yako kwa utulivu, bila kumlaumu, kama mtu anayesoma hesabu: tulikuwa na vitu sita, tukatumia nguvu, tumebaki na vitano. Tukirudia tutabaki na vingapi?

Hapa ndipo ninapolitaka lile la pemba. Hebu fikiri kaka yako angekuja akakuchapa kila unapotia kipande mdomoni. Ungeacha? Ungejificha. Ungekuwa na sisimizi mfukoni kwako pia. Unajua kwamba ni udongo, unajua watu watasema nini, na bado unamtuma mtoto sokoni. Basi wewe katika nyumba hiyo ndiye pekee unayeweza kumwelewa, kwa sababu wewe nawe una mdomo usiokusikiliza. Mmoja kinywa chake kinakataa chakula, mwingine kinataka kisicho chakula. Kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani mambo haya mawili yameandikwa yakifuatana. Hilo lako huitwa pika. Mimi nilipokuwa na mimba ya pili nilitafuna mchele mbichi mpaka mume wangu akawa anaufungia, kwa hiyo sikuandikii kutoka juu.

Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na huwapata sana wajawazito. Tatizo ni kwamba udongo wenyewe unaweza kuzuia tumbo lisifyonze hayo madini kidogo yaliyomo kwenye chakula, ukafunga choo, na ukabeba mayai ya minyoo au madini mabaya kama risasi. Siku ya kumpeleka kijana, nawe upimwe wingi wa damu. Na kama kuna uwezekano wa mimba, sema, maana hukusema. Huenda pia yule mtoto wa sokoni ameshaanza kukionja anachotumwa.

Turudi kwa kijana. Mganga alisema ametiwa jicho. Mimi sitagombana na mganga, na dua haijamdhuru mtu. Ninachokuuliza ni hiki tu: wakati mkisubiri jicho litoke, ni nani anayeupima mwili? Kilo 24 ni kidogo. Chati za Shirika la Afya Duniani zinaweka mvulana wa katikati wa miaka 10 kwenye kilo 31 hivi, na wako ameshapita umri huo. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ya namba yenyewe ni kwamba mwaka jana ilikuwa 25. Mtoto wa umri ule kubaki palepale mwaka mzima ni jambo. Kushuka ni jambo kubwa zaidi.

Na zile fizi. Mtoto ambaye kwa miaka hajagusa tunda wala mboga anaweza kuwa amepungukiwa vitamini C, na fizi ndizo husema mapema. Ndiyo maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza mabaharia wa Ulaya waliokaa baharini miezi bila kitu kibichi, mpaka mwaka 1747 daktari wa meli aitwaye James Lind alipowagawa wagonjwa 12 kwa dawa tofauti, na wawili waliopewa machungwa na malimau wakapona haraka kuliko wenzao. (Lind, si Lindi yetu.) Nakueleza hivi kwa sababu moja: mwili uliokosa vitamini hiyo hufunga kidonda taratibu. Na tohara ni kidonda.

Kwa hiyo kabla ya Juni, mjomba akubali asikubali, naona hospitali ina haki ya kusikilizwa. Hospitali ya wilaya unayo hapo Newala. Waombe wampime uzito na urefu, wingi wa damu, wamtazame koo na fizi. Muulizie afisa lishe wa halmashauri. Wakiona haja ya zaidi, kuna Ligula na ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara; na upande wa Masasi kuna Ndanda. Usiseme "hali", watakurudishia chupa ya vitamini. Sema: "Anakula vitu vitano, vimepungua tangu akabwe na mwiba, amepoteza kilo moja kwa mwaka, fizi zinatoka damu." Na wakipatikana, uliza kama kuna mtaalamu wa afya ya akili anayejua kumzoesha mtoto kitu anachokiogopa kidogo kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo tiba yenyewe: ngazi fupi fupi, mtoto akiwa ameishika kamba mwenyewe. Akianza kuzirai, akashindwa hata kumeza chai, au akakataa hata hivyo vitano, usisubiri miadi. Nenda siku hiyohiyo.

Haya, jando.

Ukimpeleka kama kaka yako alivyopanga, kuna heri ambayo sitaki uidharau. Ataingia na rika lake, na mtu wa kusini asiyeingia na rika lake hulibeba hilo muda mrefu. Yeye mwenyewe anataka. Hatari yake ni mwili mdogo, damu ambayo hatujaijua, kidonda, na wiki tatu za sinia moja mbele ya wenzake. "Atakula mpaka mawe" ni maneno ya mtu ambaye hakuwahi kuogopa chakula. Njaa ya kumbini inaweza kumrudisha na kilo 22 na siri nyingi zaidi.

Ukimficha Masasi, utampa mwili wake muda, lakini utakuwa umemfundisha kwamba shida yake ni aibu ya kukimbiwa usiku. Na Newala si Dar es Salaam. Kaka yako atajua kabla basi halijafika Masasi, na utakuwa umempoteza mtu ambaye kwa desturi yenu ndiye mwenye sauti juu ya mtoto. Wenzake watatoka na ngoma, na yeye yuko kwa mama mdogo anasikiliza redio.

Kuna kuahirisha waziwazi, mpaka Desemba au mwakani, kwa karatasi ya daktari. Wajomba wengi hawamsikilizi dada yao lakini karatasi yenye mhuri huisikiliza. Hatari yake ni kwamba mtoto ataona ameangushwa na mwili wake, na lazima kuwe na kazi inayofanyika katika miezi hiyo, la sivyo Desemba mtakuwa palepale.

Kuna pia njia ya katikati: daktari akiridhika na damu na kidonda, aingie, ila kaka yako awe mlinzi wake. Wewe huwezi kuchungulia kumbini; yeye anaweza. Azungumze na mlezi wa kumbi mapema, kijana aruhusiwe kula pembeni au wa mwisho, chapati zake ziende kwa mkono wa mjomba, mtu asimtie kitu mdomoni. Yapo makumbi ambayo mlezi hataki kusikia chakula cha nyumbani, na hapo ahadi ya mjomba itakuwa imepimwa mahali ambapo wewe huna macho. Unamjua kaka yako kuliko mimi. Ni mtu wa kushika neno lake akipewa heshima ya kulishika? Kumkabidhi ulinzi huenda kukafanya kazi ambayo kubishana naye hakutaifanya. Nasema huenda.

Kwa miezi hii miwili, nyumbani punguzeni maneno mezani. Wewe amua kinacholetwa na saa ya kula, yeye aamue kiasi. Vile vitano viwepo, usivichukue ukidhani utamsukuma. Usimfichie kitu ndani ya chapati. Akikigundua, chapati nayo itaondoka, na mtabaki na vinne. Zungumza na mwalimu mmoja unayemwamini, kijana aruhusiwe kwenda na chapati yake shuleni.

Halafu tazama anachokipenda: kikavu, cheupe au cha kahawia, kisicho na maji, kinachovunjika. Mwanangu, wewe unakaa Newala na katika barua nzima hukutaja korosho ya kukaanga. Aliwahi kuionja? Ni kavu, rangi yake haimtishi, haina ganda wala mwiba, na ina mafuta na nguvu ambazo biskuti haina. Kwa woga wake wa kukabwa, aanze kwa kuisaga mwenyewe kinuni, aiguse, ainuse, aiache. Siku nyingine ailambe. Siku nyingine akatae, na isiwe kesi. Huenda ikachukua mara kumi au zaidi kabla haijaingia, na mara nyingi kati ya hizo utaona kama unapoteza korosho.

Na ndimu. Anakunywa chai ya rangi, nayo chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri. Ndimu husaidia yaingie. Chai ikipoa kidogo, mwekee kipande cha ndimu kwenye kisosi pembeni, isiguse kikombe. Mwambie kinafanya nini kwenye fizi zake. Akamue mwenyewe, tone moja, au asikamue.

Limebaki lile swali alilokuuliza usiku. Hakukuuliza kuhusu kisu, hakukuuliza kuhusu giza la kumbini wala kuchapwa. Ulijifanya umesinzia, na mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini aliuliza kwa sababu bado anakuona wewe ni mtu wa kuulizwa. Mrudie, mkiwa wawili, asubuhi yoyote mnayokwenda kisimani au dukani, mkiwa mnatembea msitazamane usoni. Mwambie, "Ndiyo, wanakula pamoja. Wewe ungependa iweje?" Kisha umwache aseme, hata kama atachukua njia nzima. Kaka yako na daktari hawana jibu hilo, wala mimi sinalo. Akikuambia, niandikie.